Mhandisi Aliyeandika Usiku



Naomba radhi kwa wasomaji kuliahirisha somo la mirathi tuliloliahidi. Kuna mama mmoja alinijia baada ya darsa la alasiri, mkononi ana madaftari matatu yaliyofungwa kwa mtandio. Mwanawe anasomea uhandisi katika chuo cha ufundi, yumo mwaka wa pili, na ada hiyo hutoka katika mahamri na viazi karai anavyovipika mama yake tangu kabla ya alfajiri. Usiku mmoja aliamka kutawadha akaiona taa ya kijana inawaka. Akafurahi, akidhani anadurusu. Kumbe anaandika hadithi. "Maalim," akaniambia, "naomba umkataze. Mimi siungui na mafuta ili mtoto akawe mtunga uongo."

Sikumkataza wala sikumruhusu. Nilimwomba aniachie madaftari yale kwa wiki moja, kisha nikamsimulia habari za mhandisi mmoja wa Kiingereza ambaye vitabu vyake nilivisoma ujanani na ninavirudia hadi leo. Nawasimulia nanyi pia, kwa kuwa nadhani nyumba nyingi zina daftari kama hilo lililofichwa chini ya godoro.

Jina lake kamili ni Nevil Shute Norway. Alizaliwa Ealing, London, Januari ya mwaka 1899. Baba yake alikuwa mtumishi wa Posta ambaye pia aliandika vitabu vya safari. Mama yake naye alikuwa na kalamu: mwaka 1916, walipokuwa wakiishi Dublin ambako mume wake ndiye aliyekuwa mkuu wa Posta ya Ireland, waasi waliiteka Posta Kuu, na barua alizowaandikia jamaa zake kuhusu siku zile zilichapishwa zikawa kitabu. Kwa hiyo kijana huyu hakuokota uandishi njiani. Aliukuta nyumbani.

Alichokikuta pia, na hakukitaka, ni kigugumizi. Si kigugumizi cha kukwama kwa neno moja mtu akiwa na haraka, bali kile kinachomfunga mtoto mdomo mbele ya darasa huku wenzake wakicheka. Katika shule yake ya kwanza, mtaa wa Hammersmith, dhihaka zilimzidi. Akawa anaaga nyumbani asubuhi kama aendaye shule, kisha akigeuza njia kwenda kwenye Makumbusho ya Sayansi huko South Kensington. Alishinda humo kutwa akitazama mifano ya injini, ya mashine za mvuke na ya vyombo vya kurukia, kisha akirudi nyumbani saa ambayo watoto wa shule hurudi. Ilikuwa siku kadhaa kabla hajagunduliwa.

Hapa nilisimama nikamuuliza yule mama: ingekuwa wewe, ungefanya nini? Akacheka, maana jibu tunalijua sote. Wazazi wale hawakumrudisha kule kule kwenye dhihaka. Walimtafutia shule nyingine mjini Oxford, akakaa kwa marafiki wa familia, na huko akanyanyuka. Mtoto aliyetoroka shule kwa ajili ya kutazama mashine alikuwa amekwisha kuwaambia wazazi wake jambo ambalo ulimi wake usingeweza kulitamka. Nasi tunaoisoma Surat Taha tunajua kwamba Nabii Musa (a.s.) alimwomba Mola wake alifungue fundo la ulimi wake ili watu wafahamu kauli yake. Kuwa mzito wa ulimi si kuwa mzito wa akili, na si aibu ya mama wala ya baba.

Katika vita vya kwanza vya dunia kaka yake alijeruhiwa Ufaransa akafariki mwaka 1915. Nevil mwenyewe aliingia chuo cha kijeshi cha Woolwich, lakini kigugumizi kikamnyima uafisa, akamaliza vita akiwa askari wa kawaida. Kisha akasoma uhandisi katika chuo cha Balliol, Oxford, akahitimu mwaka 1922 kwa daraja la tatu. Wale wanaohesabu watoto wao kwa alama za mtihani na walitie hilo akilini.

Nataka kukaa zaidi kwenye kazi aliyoianza mwaka 1924, maana roho ya mtu huyu imo humo.

Zama zile Waingereza waliamini kwamba safari za mbali, kama vile kwenda India na Kanada, zitafanywa kwa meli za anga: vyombo vikubwa mno, vyenye urefu wa zaidi ya mita 200, vinavyoelea kwa gesi ya haidrojeni iliyojazwa ndani ya mifuko katikati ya mifupa ya chuma chepesi. Serikali ikaagiza mbili. Moja, R101, ijengwe na wahandisi wa serikali wenyewe huko Cardington. Ya pili, R100, ijengwe na kampuni binafsi huko Howden, Yorkshire, chini ya mhandisi Barnes Wallis. Norway aliajiriwa Howden awe mkuu wa wapiga hesabu.

Siku hizo hakuna kompyuta. Kila kiunzi cha mviringo kinachoshikilia tumbo la chombo kilipaswa kupigiwa hesabu kwa penseli, karatasi na rula ya hesabu, ijulikane kila waya utavutwa kwa nguvu kiasi gani upepo ukipiga hivi au vile. Kiunzi kimoja kiliwachukua watu wawili miezi miwili au mitatu. Walianza kwa kukisia kwamba waya fulani utakaza na fulani utalegea. Wakishafika mwisho, baada ya wiki chungu nzima, huenda hesabu ikawaambia kwamba waya waliodhani umekaza kumbe umelegea. Basi hapana njia ya mkato: karatasi zote zikiwekwa kando, wakianza upya.

Katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1954, ambacho jina lake ni jina la ile rula, ameeleza kwamba siku ambapo nambari zote zilikubaliana, akajua hapana shaka kwamba jibu ni la kweli, aliingiwa na utulivu unaokaribia ule wa mtu aliye katika ibada. Hakuwa Muislamu, wala hatudai alikuwa na maarifa ya dini kuliko alivyokuwa nayo. Lakini nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Nilimkumbuka Nabii Daud (a.s.), aliyelainishiwa chuma, na ambaye katika Surat Saba aliamrishwa atengeneze deraya na akadirie vyema mpangilio wa pete zake. Mola anamwamrisha Mtume wake kupima! Aliyevaa deraya ile vitani hakumwona Daud akiipima, hajui pete ipi imekazwa na ipi imelegea. Anamwamini tu. Hiyo ndiyo amana.

R100 iliruka mwisho wa mwaka 1929. Katika kiangazi cha 1930 ilikwenda Kanada ikarudi salama, na Norway mwenyewe alikuwamo ndani yake. Ni jambo la haki mpiga hesabu akipanda alichokipigia hesabu.

Sasa tuitazame ile ya pili. R101 ilikuwa nzito kuliko ilivyokusudiwa. Wakaikata katikati wakaiongezea sehemu ili ibebe gesi zaidi. Baada ya mabadiliko makubwa kama hayo ilijaribiwa safari moja tu, katika hali ya hewa tulivu, wala haikuendeshwa kwa kasi yake yote. Waziri wa mambo ya anga, Lord Thomson, alitaka kwenda nayo India na kurejea kwa wakati ili ahudhurie mkutano mkubwa wa dola yao mjini London. Tarehe ilikwisha kupangwa. Cheti cha kuthibitisha kwamba chombo kinafaa kuruka kikatolewa dakika za mwisho. Usiku wa tarehe 5 Oktoba 1930, katika mvua na upepo, R101 ilianguka karibu na Beauvais, Ufaransa, ikashika moto. Kati ya watu 54, walikufa 48, waziri akiwa mmoja wao.

Norway aliwalaumu vikali wahandisi wa serikali. Insafu inanilazimu niseme kwamba alikuwa mshindani wao, na wapo waliokuja baadaye wakaona amewaonea. Lakini hata tukimpunguzia nusu ya maneno yake, unabaki ule mpangilio wa mambo tunaoujua hata sisi tunaopanda vivuko na matatu kila uchao: mkubwa ana haraka, tarehe imetangazwa, mdogo ana shaka, karatasi inatiwa sahihi. Nani katika wale alisema uongo kwa ulimi wake? Pengine hakuna. Uongo ulisemwa na karatasi.

Ndiyo maana nilimwambia yule mama kwamba sikulipenda neno lake "mtunga uongo". Hadithi inayojitangaza kuwa hadithi haimdanganyi mtu. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga Maqamat 50 zenye watu na visa vya kubuni, akajitetea katika utangulizi wake kwamba lengo lake ni mawaidha, na vizazi vya wanazuoni wakazisomesha madrasani. Cheti cha chombo kibovu, kwa upande mwingine, hakina hata mtu mmoja wa kubuni ndani yake, nacho kinaua.

Baada ya msiba ule serikali iliacha kabisa meli za anga, na R100, ingawa ilikuwa nzima, ikauzwa kama chuma chakavu. Norway akakosa kazi. Mwaka 1931 alimwoa Frances Heaton, aliyekuwa daktari, na mwaka huo huo akaanzisha na wenzake kampuni ya kuunda ndege, Airspeed, katika gereji ya zamani ya mabasi mjini York. Kampuni ile ilihangaika na madeni kwa miaka, lakini ndege yake iliyoitwa Oxford, ambayo marubani wengi wa vita vya pili walijifunzia, ilikuja kuundwa zaidi ya 8,000.

Na hadithi je? Wakati wote huo alikuwa akiandika usiku. Tangu zile siku za Howden, mchana ni nambari na jioni ni riwaya. Riwaya mbili za mwanzo hazikupata mchapishaji, akaziweka kabatini bila kulalamika. Ya tatu, *Marazan*, ilitoka mwaka 1926. Kwenye jalada aliandika Nevil Shute tu, akaliacha jina la Norway, kwa kuchelea kwamba waajiri wake na wenzake wa kazi wangemwona si mhandisi makini. Hadi leo dunia inamjua kwa hilo nusu jina. Nilipofika hapa yule mama aliangalia chini. Mwanawe naye anaficha.

Mwaka 1938 aliiacha kampuni, naye akaanza kuishi kwa kalamu, ila katika vita vya pili alirudi kwenye ufundi akilitumikia jeshi la majini kwa kubuni silaha za aina aina. Aliandika zaidi ya riwaya 20, zikasomwa na mamilioni. Wahakiki wakubwa hawakumjali sana. Walisema lugha yake ni kavu. Ni kweli ni kavu. Anaandika kama mtu anayekuonyesha namna ya kufunga pampu. Lakini mashujaa wake ni watu ambao riwaya nyingine huwapita bila kuwatazama: fundi, rubani wa mizigo, karani, mwanamke aliyerithi kidogo na anataka kukitumia vyema.

Katika *No Highway*, ya mwaka 1948, yumo mtafiti mmoja mjane, asiyejua hata kujivalia vizuri, ambaye hesabu zake zinamwambia kwamba mkia wa aina fulani ya ndege utakatika baada ya saa 1,440 za kuruka, kwa sababu chuma nacho huchoka kikitikiswa mno. Hakuna anayetaka kumsikiliza. Akiwa safarini anagundua kwamba ndege aliyoipanda yeye mwenyewe ni ya aina hiyo na saa zake zimekaribia. Ikiwa imetua njiani, mtu yule mpole anavuta mtambo na kuikunja miguu ya ndege hapo chini ilipo, ikalala kwa tumbo, isiweze kuruka tena. Watu wakamwona mwendawazimu. Mwaka 1954 ndege mbili za kweli, za aina ya Comet, zilianguka baharini karibu na Italia kwa miezi michache tu baina yao, na uchunguzi ukaonyesha sababu ni uchovu wa chuma. Hakuwa mtabiri, wala sehemu iliyovunjika haikuwa ile aliyoiandika. Alikuwa fundi anayejua kinachowatia mafundi hofu.

Kwa akina mama, kitabu ninachokipendekeza ni *A Town Like Alice*, cha mwaka 1950. Wanawake wa Kiingereza na watoto wao, wametekwa na Wajapani huko Malaya, wanaswagwa kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, wengi wakifia njiani, hadi wanapopokewa katika kijiji cha Waislamu wa Kimalay na kulima mpunga pamoja na wenyeji. Baada ya vita msichana aliyekuwa kiongozi wao anarithi fedha, na jambo la mwanzo analolifanya ni kurudi kijijini kuwachimbia wanawake kisima, wasitembee tena mbali na ndoo kichwani. Mwandishi anamfanya msichana huyo asiye Muislamu amkumbushe mkuu wa kijiji yaliyomo katika Surat An-Nisaa kuhusu kuwatendea wanawake wema. Kisa hicho kilitokana na wanawake wa Kiholanzi waliotekwa Sumatra, ambao mmoja wao mwandishi alikutana naye. Nasema pia, kwa uaminifu, kwamba nusu ya pili ya kitabu hicho iko Australia, na namna kinavyowazungumzia wenyeji asilia wa nchi ile si ya kupendeza. Mtu ni mtoto wa zama zake.

Kitabu alichokiona mwenyewe kuwa bora kuliko vyote vyake ni *Round the Bend*, cha mwaka 1951, alichokitoa baada ya kuhamia Australia. Kwetu ndicho chenye mazungumzo makubwa zaidi, kwa sababu sehemu yake kubwa iko Bahrain, katika Ghuba ambako wengi wetu tuna ndugu wanaotafuta riziki. Mwingereza mmoja anaanzisha shirika dogo la ndege za mizigo na kuwaajiri mafundi wa Kiarabu na wa Kihindi. Mkuu wa mafundi, ambaye babu zake ni Wachina na Warusi, anawafundisha kwamba kukagua injini ni jambo la kumcha Mungu. Asiyeikaza vyema skrubu ambayo hakuna atakayeiona amemkosea Mungu kabla ya kumkosea abiria. Mafundi wanaanza kusali kabla ya kazi. Kazi yao inakuwa safi kuliko ya karakana yoyote.

Yule mhandisi aliyepata utulivu wa ibada mbele ya karatasi za hesabu ndiye aliyeandika hayo, miaka zaidi ya 20 baadaye. Nasi tunafundishwa kwamba Mwenyezi Mungu hupenda mja anapofanya kazi aifanye kwa itqani, yaani aikamilishe barabara, Hadithi hiyo imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.).

Ila katika kitabu hicho pana mpaka ambao lazima niuonyeshe. Kadiri kisa kinavyokwenda, watu wanaanza kumwona yule fundi kuwa zaidi ya fundi, hata wengine wakadhani ni mtume, na msimulizi mwenyewe mwishoni hajui aseme nini. Hapo sisi tunaachana naye. Utume umefungwa kwa Bwana Mtume Muhammad (s.a.w.), na fundi aliye mwema hahitaji kupewa cheo hicho ili wema wake uhesabiwe. Kijana akikisoma, mzazi na amwambie hilo waziwazi. Asimnyang'anye kitabu bila neno, maana atakisoma gizani, na huko hakuna wa kumwambia.

Nevil Shute alifariki Melbourne tarehe 12 Januari 1960, siku chache kabla ya kutimiza miaka 61. Riwaya yake ya mwisho, iliyotoka baada ya yeye kufa, inamhusu mtu mnyenyekevu anayeunda mashine ndogo ndogo katika chumba cha chini cha nyumba yake.

Madaftari ya yule kijana niliyasoma. Mna kisa cha chombo kinachopandishwa pwani kutiwa kalafati, na fundi mkuu ni mzee asiyeona vizuri anayezisoma mbao kwa vidole. Herufi zimebanana, nukta ni haba, na msichana aliyemo amesifiwa kupita kiasi. Lakini pamba inavyosokomezwa katika nyufa, nyundo inavyolia ikiwa ufa umejaa na inavyolia ikiwa bado, na mafuta ya sifa yanavyonuka juani, yote yamekaa sawa. Nilimuuliza alikujuaje kulia kwa nyundo. Akanijibu kwamba alikwenda kuketi na mafundi Jumamosi tatu mfululizo kwa sababu hakutaka kuandika asilolijua.

Nilimrudishia mama yake madaftari siku ya Alhamisi. Tulipatana kwamba taa izimwe saa tano, na kwamba mtihani wa muhula huu kijana auchukulie kwa uzito wote. Akayafunga tena kwa mtandio, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule mzee asiyeona anamaliza chombo chake. Nikamwambia daftari la nne bado halijaandikwa.